Uwanja wa besiboli wa Durham na kufufuka kwa katikati ya jiji: sifa apewe nani?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mji wowote wa Marekani unapotaka kujenga uwanja mdogo wa besiboli katikati yake, jina la Durham, North Carolina, hutajwa mapema sana. Madiwani na wananchi huambiwa kwamba mji ule wa tumbaku ulikuwa umekwisha kabisa, ukajenga uwanja mwaka 1995, na baada ya hapo ofisi, migahawa na wapangaji wakafuata wenyewe. Ninaishi katika jimbo hilo na suala hili nimelifuatilia kwa karibu, na kinachonisumbua ni kwamba habari hiyo husimuliwa nusu. Uwanja wa Durham ulisaidia kweli, lakini ulisaidia kwa sababu mmiliki wa timu aliamua kuyachukua magofu yaliyokuwa ng'ambo ya barabara, na kwa sababu jiji na kaunti walikubali kubeba sehemu ya gharama za kuyafufua. Mji unaoiga uwanja peke yake unaiga ile sehemu iliyo rahisi kupigwa picha.

Tuanze na mji wenyewe. Durham ilikua kwa tumbaku. Kiwanda cha W. T. Blackwell, kilichotengeneza tumbaku yenye nembo ya fahali iliyoitwa Bull Durham, kilijengwa mwaka 1874. Mwaka 1890 James B. Duke aliyaunganisha makampuni makubwa ya sigara akaunda American Tobacco Company, iliyotawala biashara hiyo nchini hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru ivunjwe mwaka 1911. Hata baada ya kuvunjwa, sigara za Lucky Strike ziliendelea kutoka Durham, na bomba la moshi na mnara wa maji wenye jina hilo bado vimesimama. Wazee wa mji husimulia jinsi harufu tamu ya majani ya tumbaku ilivyokuwa ikitanda mitaani hadi majumbani. Mwaka 1987 kampuni ilifunga kiwanda ikaondoka. Yakabaki majengo ya matofali mekundu yenye eneo la karibu futi za mraba milioni 1, kusini kidogo tu ya reli inayokata katikati ya jiji, yakiwa matupu. Wakati huo watu walikwisha kuzoea kununua mahitaji yao kwenye maduka makubwa ya pembezoni na kufanya kazi Research Triangle Park, eneo la maabara na makampuni lililoanzishwa mwaka 1959 nje ya mji. Ofisi zilipofungwa jioni, katikati ya jiji palibaki kimya hadi kesho yake.

Timu ya Durham Bulls ilikuwa ikicheza kwenye uwanja wa zamani upande wa kaskazini wa kitovu cha jiji, na filamu ya mwaka 1988 iliyopigwa humo iliifanya pengine kuwa timu ndogo inayojulikana kuliko zote nchini. Hapa inafaa kueleza timu ya ligi ndogo ni kitu gani, kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye soka na mfumo huu ni tofauti. Timu kama Bulls haisajili wachezaji wake. Wachezaji ni wa klabu ya ligi kuu, ambayo kwa Durham tangu mwaka 1998 ni Tampa Bay, na klabu hiyo ndiyo inayowalipa mishahara wao na makocha wao. Mchezaji akianza kung'ara, anaweza kupandishwa katikati ya msimu na shabiki wa Durham asiwe na la kufanya. Kwa hiyo mmiliki wa timu ndogo hawezi kuuza ushindi. Anauza jioni: tiketi ya bei nafuu, chakula, fataki baada ya mchezo, na mahali ambapo baba, mama, bibi na watoto wanaweza kukaa pamoja saa tatu bila mtu kuchoka. Biashara ya namna hiyo inategemea mahali kuliko inavyotegemea msimamo wa ligi. Katika daraja la juu la ligi ndogo, michezo ya nyumbani ni takriban 75 kwa mwaka. Jioni 75 ni neema kwa mgahawa wa jirani, lakini haziwezi kuuweka hai mwaka mzima, kwa kuwa siku nyingine 290 lazima zipate watu kutoka kwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu ilinunuliwa na Jim Goodmon, mkuu wa Capitol Broadcasting, kampuni ya televisheni yenye makao yake Raleigh. Ilibaki kidogo timu ihamishwe. Mpango uliokuwa mezani ulikuwa kuipeleka karibu na uwanja wa ndege, kati ya Raleigh na Durham, penye ardhi tele ya maegesho na barabara kuu ya kuingilia. Mwaka 1990 jiji la Durham liliwaomba wapiga kura waidhinishe hatifungani za zaidi ya dola milioni 11 kwa ajili ya uwanja mpya mjini, na wapiga kura wakakataa. Halmashauri ikajenga hata hivyo. Katiba ya North Carolina inadai kura ya wananchi pale serikali ya mtaa inapokopa kwa kuweka rehani mamlaka yake ya kutoza kodi, lakini ipo aina nyingine ya mkopo ambayo dhamana yake ni jengo lenyewe, na hiyo haihitaji kura. Ndiyo njia iliyotumika. Wanaoitaja Durham kama mfano wa kuigwa huiruka sehemu hii, nami naona haifai irukwe, kwa sababu wananchi walisema hapana na viongozi wakatafuta mlango mwingine. Kwamba mambo yalikuja kwenda vizuri hakuubadilishi ukweli huo.

Uwanja mpya, Durham Bulls Athletic Park, ulifunguliwa mwaka 1995. Wasanifu wake, HOK Sport, ndio waliokuwa wamebuni Camden Yards ya Baltimore, uwanja wa ligi kuu uliofunguliwa mwaka 1992 na kurudisha mtindo wa viwanja vya matofali vilivyobanwa ndani ya mitaa ya mji. Durham ilipata toleo dogo la wazo hilo, ambalo leo linachukua watu wapatao 10,000. Ukikaa upande wa kulia unautazama ukuta wa kushoto wenye kimo cha futi 32, uliopakwa rangi ya buluu, na juu yake amesimama fahali mkubwa wa mbao, mfano wa yule aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu ile. Timu ya nyumbani ikipiga mpira ukavuka uzio, macho ya fahali huwaka mekundu na moshi humtoka puani. Maandishi yaliyo juu yake yanasema kwamba atakayempiga fahali atapata nyama ya kuchoma, na atakayepiga nyasi zilizochorwa chini yake atapata saladi. Na ng'ambo ya barabara limesimama bomba la Lucky Strike. Kila shabiki aliyekuja kutazama mpira alikiona pia kiwanda kilichokufa.

Sasa tazameni tarehe. Uwanja ulifunguliwa 1995, lakini kiwanda cha American Tobacco kilifunguliwa upya kama eneo la ofisi na migahawa mwaka 2004. Kwa miaka 9 mashabiki walikuja, waliegesha magari, walikula uwanjani, wakarudi makwao, na magofu yakabaki magofu ng'ambo ya mtaa wa Blackwell. Kama uwanja pekee ungetosha kuufufua mtaa, ungefanya hivyo katika miaka hiyo, tena katika nusu ya kwanza yake uchumi wa Marekani ulikuwa ukikua kwa kasi.

Kilichobadilisha hali ni mkusanyiko wa ahadi. Capitol Broadcasting, kampuni ileile yenye timu, iliyachukua majengo. Chuo Kikuu cha Duke, kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline na kampuni ya programu ya Compuware zilikubali kupanga ofisi, na bila wapangaji wa hadhi hiyo hakuna benki ambayo ingekopesha. Jiji na kaunti zilikubali kugharamia majengo ya maegesho. Kisha kukawa na unafuu wa kodi wa majengo ya kihistoria: serikali ya shirikisho humpunguzia mmiliki kodi yake ya mapato kwa kiasi cha asilimia 20 ya gharama za ukarabati, mradi ukarabati ufuate masharti ya kuhifadhi, na jimbo nalo lilikuwa na unafuu wake. Ukiondoa unafuu huo, hesabu za mradi haziendi. Pamoja na hayo kuna maofisi ya Diamond View yanayotazama uwanja, na mwaka 2008 jiji likafungua ukumbi wa maonyesho wenye viti takriban 2,700 hatua chache kutoka langoni mwa uwanja. Ukumbi huo hufanya kazi hata wakati wa baridi, besiboli ikiwa imelala.

Ningependa kusikia maoni ya wanajukwaa, hasa waliowahi kuishi au kufanya kazi katika miji yenye viwanja vya aina hii.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umeandika kwa uangalifu, lakini naona bado unaupa uwanja sifa kubwa kuliko stahili yake. Wachumi waliochunguza viwanja vya michezo Marekani tangu miaka ya 1990, wakiwemo Roger Noll na Andrew Zimbalist, wamekuwa wakifikia hitimisho linalofanana, kwamba fedha anazotumia mkazi uwanjani kwa sehemu kubwa ni fedha ambazo angezitumia kwenye sinema, mgahawa au duka la mtaani kwake. Zimehama mfuko, hazijaongezeka. Na kwa timu ndogo hoja hii ina nguvu zaidi, kwa kuwa karibu mashabiki wote ni wakazi wa eneo lilelile. Hakuna anayepanda ndege kwenda kutazama ligi ndogo.

Zaidi ya hayo, Durham ina wagombea wengine wa sifa hiyo. Ina Duke, ina hospitali zake, ina Research Triangle Park. Watu wa jiji walikuwa takriban 136,000 mwaka 1990, na mwaka 2020 walikuwa takriban 283,000. Mji unaoongezeka mara mbili kwa miaka 30 ungejaza majengo yake ya zamani kwa vyovyote vile. Tena maghala ya tumbaku ya Brightleaf yaligeuzwa maduka na migahawa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya uwanja mpya kuota hata kwenye karatasi.

Mleta uzi

Mkuu, kuhusu fedha kuhama mfuko sina ubishi nawe. Yeyote anayekuja mbele ya halmashauri na takwimu za ajira mpya zitakazoletwa na uwanja mdogo anapaswa kuulizwa maswali makali, maana ajira nyingi za uwanjani ni za saa chache, za msimu, na za ujira mdogo. Hata hivyo, kwa diwani wa jiji, mahali fedha zinapotua ni suala zito. Dola iliyohama kutoka duka la pembezoni lililo nje ya mipaka ya jiji ikatua katikati, kwenye mitaa ambayo tayari ina mabomba ya maji, taa na njia za miguu, inaisaidia bajeti ya jiji hata kama uchumi wa jimbo zima haukukua kwa senti moja.

Kuhusu Duke na Research Triangle Park, tafadhali tazama tena mpangilio wa miaka. Chuo kikuu kimebeba jina la Duke tangu mwaka 1924, na eneo la maabara lipo tangu 1959. Vyote viwili vilikuwepo wakati katikati ya Durham inakufa. Vilikuwepo wakati kiwanda kinafungwa mwaka 1987. Kuwa na taasisi tajiri jirani hakukutosha, kwa sababu watumishi wake walikuwa wakipita juu ya barabara kuu kwenda makwao bila kuteremka mjini. Ilihitajika sababu ya kuwafanya wakuu wa taasisi hizo waamini kwamba wafanyakazi wao watakubali kukaa ofisini mtaa wa Blackwell. Miaka 9 ya watu kuzoea kutembea pale usiku pamoja na familia zao, bila kuogopa, ilikuwa sehemu ya ushahidi huo. Huo ndio mchango wa uwanja kwa maoni yangu. Uliondoa hofu, na jambo hilo halionekani kwenye hesabu za mapato.

Kuhusu Brightleaf uko sahihi kabisa, na wanaoandika historia ya mji huu wangepaswa kuwataja watu wale zaidi. Walithibitisha kwamba ghala la tumbaku linaweza kutumika upya, wakati wengine walikuwa wanaona matofali ya kubomoa tu.

Mchangiaji wa 2

Mimi nipo Greensboro, mwendo wa saa moja hivi magharibi ya Durham, ambako tuna ndugu wengi wanaozungumza Kiswahili kutoka Kongo. Huku uwanja ulifunguliwa katikati ya mji mwaka 2005, na tofauti yake na Durham ni kwamba fedha za kuujenga kwa sehemu kubwa zilitoka kwa watu binafsi na mifuko ya hisani ya mji, si kwa mkopo wa jiji.

Lakini mfano ambao ningependa mleta uzi autazame ni Kannapolis, kaskazini ya Charlotte. Ule ulikuwa mji wa kiwanda kimoja cha mataulo na mashuka. Mwaka 2003 kampuni ya Pillowtex ilianguka na zaidi ya watu 4,000 katika jimbo wakapoteza kazi kwa mkupuo. Timu yao ndogo ilikuwa ikicheza kwenye uwanja uliojengwa kando ya barabara kuu namba 85. Mwaka 2015 jiji likanunua karibu ekari 50 za katikati ya mji kutoka kwa mmiliki mmoja, likafungua uwanja mpya humo mwaka 2020, na kwa kuwa msimu ule ulifutwa kwa ajili ya Uviko-19, mchezo wa kwanza wa ligi ukasubiri hadi 2021.

Mleta uzi

Ahsante sana kwa kuleta Kannapolis, kwa sababu kuna jambo ndani yake ambalo linajibu sehemu ya ubishi wetu. Uwanja wao wa kando ya barabara kuu ulifunguliwa mwaka 1995, mwaka uleule na wa Durham, ndani ya jimbo lilelile. Mashabiki walitoka kwenye barabara kuu, wakaegesha, wakatazama, wakarudi kwenye barabara kuu. Kwa miaka yote hiyo haukuzaa mtaa. Ni kile ambacho Durham ingekipata kama timu ingepelekwa karibu na uwanja wa ndege.

Na jambo la pili ni ile ardhi. Kannapolis walinunua kwanza viwanja vyote vinavyozunguka mahali pa mchezo, ndipo wakajenga, kwa hiyo thamani ya ardhi ilipopanda ilipanda mikononi mwa jiji. Durham ardhi iliyopanda thamani ilikuwa mikononi mwa mmiliki wa timu na wenzake. Kati ya njia hizi mbili naipendelea ya Kannapolis kwa mbali, ingawa inadai ujasiri mkubwa kwa mji wa watu wapatao 53,000, kwa kuwa jiji likikosea hakuna mwingine wa kubeba hasara.

Mchangiaji wa 3

Naomba mleta uzi azungumzie pia Hartford, Connecticut. Huku Kaskazini Mashariki huo ndio mfano unaotajwa na kila anayepinga.

Mleta uzi

Hartford inastahili kutajwa, na kwa urefu kidogo, kwa sababu makosa yake hayakuwa ya besiboli bali ya mikataba.

Mwaka 2014 jiji lilitangaza kwamba litajenga uwanja kaskazini ya kitovu cha mji, kwenye eneo ambalo barabara kuu namba 84 ilikuwa imelitenga na mji kwa miongo kadhaa, na timu ingetolewa New Britain, mji ulio karibu. Uwanja ulitakiwa kuwa tayari kwa msimu wa 2016. Haukuwa tayari. Timu ya Yard Goats ilicheza msimu mzima wa 2016 ugenini, bila kucheza hata mchezo mmoja kwenye uwanja wake. Gharama zilipita makadirio, jiji likamfukuza mjenzi katikati ya mwaka, bima ya dhamana ya ujenzi ikabidi iingilie kati, na kesi zikadumu miaka. Uwanja ulifunguliwa Aprili 2017 ukiwa umegharimu takriban dola milioni 71. Mwaka huohuo jiji lilikuwa ukingoni mwa kufilisika, hata mwaka uliofuata serikali ya jimbo ikakubali kubeba deni lake la takriban dola milioni 550. Deni hilo lilikuwa la miaka mingi na uwanja ni sehemu ndogo tu yake, lakini mwananchi aliyekuwa akisoma habari hizo kwa pamoja alikuwa na haki ya kukasirika.

Kilichoniuma zaidi ni viwanja vya jirani. Nyumba, maduka na ofisi vilivyoahidiwa kuuzunguka uwanja vilikwama kwa sababu haki ya kuviendeleza ilikuwa ndani ya mkataba uleule wa mjenzi aliyefukuzwa. Uwanja ulipendwa, watu waliujaza, na kuzunguka kwake kukabaki lami tupu. Nyumba za kwanza za kupanga zilikuja kukamilika mwaka 2022. Aliyeandika mkataba mmoja kwa uwanja na kwa mtaa aliifunga miguu yote miwili kwa kamba moja.

Niongeze jambo linalozihusu timu zote. Tangu mwaka 2021 ligi kuu ndiyo inayosimamia ligi ndogo moja kwa moja. Idadi ya timu zenye leseni ilipunguzwa kutoka takriban 160 hadi 120, na waliobaki waliwekewa viwango vipya vya viwanja: ukubwa wa vyumba vya kubadilishia nguo, sehemu za mazoezi, taa, vyumba vya wanawake wanaofanya kazi kwenye benchi la ufundi. Baadhi ya mahitaji hayo ni ya haki na yalichelewa mno. Lakini mara nyingi uwanja ni mali ya jiji, na hivyo ankara inaishia kwa jiji. Hata Durham, pamoja na umaarufu wake wote, ililazimika kuutafutia uwanja fedha za ukarabati. Mji unaosaini mkataba wa miaka 20 au 25 leo unapaswa kuandika mapema nani atalipa viwango vitakapobadilishwa tena, maana wenye leseni wanajua kwamba hakuna meya anayetaka kukumbukwa kama aliyeipoteza timu.

Mchangiaji wa 4

Nimesoma uzi wote nikisubiri neno moja: Hayti. Mnazungumzia mitaa iliyofufuliwa bila kuwataja watu ambao mtaa wao uliuawa kwa makusudi, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka uwanjani. Mleta uzi, wewe unaishi huko. Je, Weusi wa Durham walipata nini katika haya?

Mleta uzi

Dada au kaka, ahsante kwa swali hili, na nitalijibu kwa kadiri linavyostahili.

Hayti ulikuwa mtaa wa Weusi ulioanzishwa na watu waliotoka utumwani baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ulikuwa na maduka, hoteli, majumba ya muziki, makanisa, na wenye nyumba zao. Katikati ya jiji, mtaa wa Parrish, Weusi wa Durham waliendesha North Carolina Mutual, kampuni ya bima ya maisha iliyoanzishwa mwaka 1898, pamoja na benki yao ya Mechanics and Farmers. Katika miaka ya 1960 ukaja mpango wa serikali wa kuondoa makazi yaliyoitwa duni, na pamoja nao barabara kuu namba 147, iliyochorwa kupita Hayti. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, zaidi ya familia 4,000 na biashara zipatazo 500 ziliondolewa. Watu waliahidiwa kwamba mtaa ungejengwa upya. Baadhi ya wafanyabiashara waliwekwa kwenye majengo ya mabati ya muda, ambayo wenyeji waliyaita Tin City, wakisubiri maduka mapya. Wengi wao hawakuyapata. Kanisa la St. Joseph's la mwaka 1891 lilinusurika, na leo ni kituo cha urithi wa Hayti.

Sasa uweke uwanja kwenye ramani hiyo. Upo kaskazini kidogo tu ya barabara namba 147, na Hayti ipo ng'ambo yake. Ukitoka kwenye ukumbi wa maonyesho, jengo kubwa linalofuata ni gereza la kaunti. Mtu anaweza kuja kwa gari kutoka Raleigh, akala, akatazama mchezo, akaenda zake, asijue kamwe kwamba chini ya ile barabara aliyopita palikuwa na mji mwingine. Fedha za umma zilipopatikana kwa ajili ya maegesho ya kiwanda cha tumbaku, watu wa Hayti walikuwa na kila sababu ya kuuliza kwa nini ahadi yao, iliyotangulia kwa zaidi ya miaka 30, haikuwa ya kwanza kwenye foleni.

Walipata nini, basi? Walipata kazi, baadhi yao. Walipata katikati ya jiji penye uhai, ambapo wao pia wanaingia na kufurahia. Lakini waliokuwa wapangaji katika mitaa ya kuzunguka kitovu walipata pia kodi za nyumba zilizopanda, na waliokuwa na nyumba zao walipata makadirio mapya ya kodi ya majengo ambayo mstaafu hawezi kuyalipa kwa urahisi. Hakuna kifungu katika mkataba wa uwanja wala wa kiwanda kilichojulikana kwa kuwalinda, na hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika mfano wa Durham. Wanaoupeleka mfano huu miji mingine waupeleke pamoja na pengo lake.

Mwaka 2019 wapiga kura waliidhinisha hatifungani za dola milioni 95 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Nilifurahi sana. Lakini ilikuwa miaka 24 baada ya uwanja na 15 baada ya American Tobacco, wakati kila kiwanja kinachofikika kwa miguu kutoka langoni kilikuwa kimekwisha kupata bei mpya. Kule Hayti, kwenye eneo la Fayette Place ambako nyumba zilizokuwa za umma zilibomolewa mwaka 2009, misingi ya zege ilibaki imelala kwenye majani kwa miaka mingi, ikionekana wazi kutoka barabarani. Kama jiji lingetenga sehemu ya ardhi ya jirani na uwanja mwaka 1995, wakati hakuna aliyeitaka, dola hizo zingejenga nyumba nyingi zaidi.

Kwa hiyo ukiniuliza kifungu gani ningekidai kwanza katika mji wowote unaofikiria uwanja, ningedai kwamba kabla ya hatifungani kusainiwa, jiji liwe limekwisha kununua ardhi ya nyumba za wakazi wa kipato cha chini ndani ya umbali wa kutembea, na ardhi hiyo iwekwe kwenye mfuko ambao halmashauri ijayo haiwezi kuiuza. Vyumba vya kubadilishia nguo vinaweza kuongezwa baadaye. Ardhi haingoji.